Senti Kumi, Sita

Fremu inaning'inia kwenye boriti, uchi,
rangi imekwanguliwa hadi chuma cheupe,
nami nimekalia debe hapa Kibuye,
kopo la Kimbo mapajani.
Ndani: bushi, washa, skrubu zisizo na mwenyewe,
na spesa tatu. Kitabu kinasema nne.

Kitabu chenyewe kimeliwa na mende.
Wamekula pembeni, wakaacha mchoro,
wakaacha na namba:
nyuma, kushoto, milimita kumi na tatu na nusu.
Mende wana adabu zao.

Siku nilipochomoa ekseli
kitu kilidondoka, kikatawanyika sakafuni
kwa mlio usio wa pikipiki.
Nikapiga magoti. Senti kumi kumi,
zile za kale, zenye tundu katikati,
sita,
tundu limepanuliwa kwa tupa,
grisi imekauka juu yake ikawa udongo.

Baba huyo. Nahashon Owiti, mkaguzi wa miwa, Miwani.
Spesa ilimtoka njiani karibu na Awasi,
duka la vipuri halikuwepo, mfuko ulikuwepo.
Nadhani alihesabu, akapachika, akakaza nati,
akasema itanifikisha nyumbani.
Ikamfikisha. Kesho yake ikamfikisha tena.
Senti sitini, miaka kumi na tisa.

Nimezipima kwa kalipa: kumi na moja kamili.
Pungufu, mbili na nusu.
Unene wa ukucha wa kidole gumba cha mguu
cha mtu aliyelima maisha yake yote.
Utasema si kitu.
Lakini ukikaza nati, fremu inabanwa kuziba lile pengo,
gurudumu linahamia upande,
na pikipiki nzima inataka kwenda kushoto,
kila siku, kila kona, hata pasipo kona.

Kwa hiyo Baba aliegemea kulia.
Watu wa Kibos walimjua akiwa bado kijivumbi:
yule anayekuja ubavu.
Aliegemea kanisani. Aliegemea akila.
Soli ya kiatu chake cha kulia ililika kwanza.
Hata fundi wa jeneza alimpima mara mbili,
akaniuliza, bega hili lina nini?
Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kwenye ekseli.

Perez Akeyo hana subira na mambo haya.
"Nipe namba," anasema, "hadithi kaa nayo."
Anafunga kipande cha chuma kwenye kerezo,
chuma kinalia, kinatoa nywele za kipilipili,
anasimamisha, anapima, anasonya.
Kumi na tatu nukta saba. "Bado."
Anagusa tena, kidogo, kama anayeonja chumvi.

Haikuhitaji nyundo.
Niliisukuma kwa kidole, ikaingia, ikanyamaza.
Tukavuta uzi toka gurudumu la nyuma hadi la mbele:
ukagusa kote panapotakiwa kuguswa.

Jumapili alfajiri nikaiwasha, nikashika njia ya Miwani.
Ilikwenda kama mstari wa rula.
Mimi ndiye sikwenda.
Nilijifunzia kwenye tangi lake, nina miaka minane,
mgongo wangu kifuani mwake,
akiinama nainama,
nikidhani ndivyo pikipiki inavyoendeshwa,
ndivyo mtu anavyokaa duniani.
Karibu na reli nikavuka barabara bila kukusudia,
nikaingia miwani, miwa ikanipokea
kwa majani yake yenye makali.

Nilirudi na mikwaruzo usoni. Perez akazunguka pikipiki,
akatazama uzi, akatazama spesa, akanitazama mimi.
"Hii iko sawa," akasema.
"Wewe sasa, kerezo lako sina."

Zile senti sita sikuzirudisha koponi.
Natembea nazo, mfuko wa kushoto.
Zinasaidia kidogo.